Tulivyoshuka Liuli Kujifunza Kuuza Pombe

Gongo iliyomtia mdogo wangu Kasto ukungu machoni kwa siku mbili ilipikwa na mke wangu, Adolfina. Kasto alipona, na wiki iliyofuata akaja tena kugonga dirisha letu la nyuma akitaka nyingine. Usiku huo mke wangu alilia. Nikasema twende Liuli kwa mama yake mdogo, Febi, aliyeachana na mtambo wa gongo akakata leseni ya kuuza komoni, pombe ya mahindi na ulezi.

Asubuhi tuliondoka Mbinga kwa basi, sote watatu. Kasto alikubali kwa sharti moja: asihubiriwe. Baridi tuliiacha huko juu kwenye mashamba ya kahawa. Mbamba Bay tukavua masweta, tukapanda bodaboda hadi Liuli.

Adhuhuri tulimkuta Mama mdogo Febi barazani, kando kabisa ya njia, akisonga ugali wa muhogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, wanangu. Kuleni kwanza. Kwangu asiyekula hanywi."

Tukala ugali kwa mbasa, samaki wa ziwani. Kisha akachota komoni, akapiga mafunda mawili, ndipo akampa Kasto kikombe kilekile.

"Mama, mbona unaninywea?"

"Muuzaji huonja mbele ya mnunuzi. Kwenu hawaonji?"

Adolfina aliinamisha kichwa. Desturi hiyo hata kwetu Umatengoni tunayo, ila nani ataonja gongo dirishani, roho juu, akihofia mgambo? Muuzaji anatoa chupa, anafunga dirisha. Mnunuzi naye anaibugia yote njiani asikamatwe nayo.

Jioni Febi alifunga kilabu chake cha hapo barazani, na Kasto, aliyekunywa polepole bila kujificha, akaenda kulala akitembea wima. Nilifurahi, sifichi.

Kesho yake tulirudi. Njia nzima niliwaza kwamba nimemhubiria Kasto miaka, na baraza moja ya wazi imemtuliza kwa siku moja zaidi ya mimi kwa miaka yote hiyo.

Tulipofika nyumbani, Kasto alisema, "Shemeji, nipe ile chupa ya gongo iliyobaki. Lakini uonje."

Adolfina akamimina, akakileta kikombe hadi mdomoni. Akakiteremsha.

"Hii siwezi, shemeji."

Akaimwaga yote mlangoni, na ya kwenye chupa pia. Kasto aliitazama ardhi iliyolowa, akameza mate.

"Haya," akasema. "Kesho mkakate leseni. Na komoni itaiva lini?"