Samahani ya Mlango wa Kushoto

Mtaani walimwita Mama Mkwaruzo, naye hakuona sababu ya kununa. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kupatanisha watu waliokodi magari na kampuni zilizowakodisha, ili wasifikishane mahakamani, ambako kesi ya taa iliyopasuka huweza kuishi miaka mingi kuliko gari lenyewe. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la betri: meza moja, viti vinne, na feni iliyozunguka siku iliyojisikia. Wakubwa, kwa ukarimu wao, walimpa pia kalenda. Ya mwaka juzi.

Miaka hiyo ilikuwa imemfunza kwamba hakuna mteja aliyewahi kugonga ukuta. Siku zote ukuta ndio uliomfuata. Na hakuna kampuni iliyowahi kutoa gari bovu. Magari yote yalitoka getini yaking'aa kama bibi harusi, kisha yakaangukia mikononi mwa wateja makatili.

Jumanne moja asubuhi waliingia wawili. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mzee mwembamba aliyevaa suti aliyojishonea mwenyewe, mikunjo yake imenyooka kuliko uti wa mgongo wa mtu. Wa pili alikuwa meneja wa kampuni, kijana mwenye viatu vilivyochongoka na simu mbili, zote zikimtafuta.

"Haya, fundi, anza wewe," alisema Mama Mkwaruzo.

Fundi alieleza kuwa binti yake alikuwa amehitimu unesi. Yeye ana leseni tangu ujana, gari hajawahi kuwa nalo. Akakodi gari dogo jeupe kwa siku moja, akaenda kumchukua binti chuoni, binti akiwa na joho lake na maua. Jioni walipolirudisha, meneja alilizunguka gari mara moja tu, akanyoosha kidole kwenye mlango wa nyuma wa kushoto. Mkwaruzo. Amana aliyoiweka ikazuiwa hapo hapo.

"Amana ningeisamehe, mama. Lakini alisema mbele ya mwanangu kwamba wazee wa aina yangu tunakodi vya watu tukajionyeshe, halafu tunaviharibu."

"Nilisema kwa ujumla," meneja alijitetea. "Sikumlenga yeye."

"Bila shaka," Mama Mkwaruzo alijibu. "Ulikuwa unahutubia maegesho. Gari liko wapi?"

Meneja alikuwa amekuja nalo. Walishuka wote watatu. Mama Mkwaruzo aliinama mlangoni, akatoa leso nyeupe, akaipitisha polepole juu ya mkwaruzo. Leso ikatoka na rangi ya kahawia.

"Hiki kidonda kina siku ngapi, meneja?"

"Tatu. Tangu Jumamosi."

"Na kutu imeshaota?"

"Hali ya hewa, mama. Siku hizi kuna unyevu."

"Unyevu huo una macho. Umeuona mlango mmoja tu."

Walirudi juu. Kabla hajaketi vizuri, meneja alitangaza kuwa kampuni, kwa moyo wake mkunjufu, itarudisha amana yote. Alikwisha kushika kalamu. Fundi hakuigusa karatasi aliyosogezewa.

"Mimi nataka samahani."

"Mzee wangu, hilo gumu. Kampuni haina utaratibu wa samahani."

"Wa matusi mnao?" Mama Mkwaruzo aliuliza.

Meneja alitoka kwenye korido kumpigia bosi wake. Alirudi baada ya robo saa na sentensi aliyoiandika nyuma ya risiti: *Kampuni inasikitika kwa usumbufu wowote ambao huenda ulijitokeza.*

"Ulijitokeza wenyewe?" Mama Mkwaruzo alisema. "Uliingia getini kwa miguu yake?"

Kisha, kwa kuwa haki haikumruhusu kumkamua mmoja tu, alimgeukia fundi. "Na wewe? Kuna kitu umekikalia?"

Fundi alitazama vidole vyake.

"Nilichelewa kulirudisha. Saa mbili nzima. Haikuwa foleni, kama nilivyomdanganya huyu kijana." Akashusha sauti. "Tulizunguka mtaa wetu mara nne. Mara ya kwanza majirani wengi hawakuwa nje."

Meneja alijaribu kukunja uso, akashindwa. Kicheko kilimponyoka, akajifunika kwa mkono, kisha akaacha kujifunika.

"Mama yangu aliponipeleka kazini siku ya kwanza," alisema, "aliwaambia kondakta, abiria na mwenye kioski kwamba mimi ni meneja. Nilikuwa nafagia."

Akaomba namba ya binti. Simu ilipopokelewa alisimama wima, kama anayeongea na daktari.

"Dada, ni mimi wa magari. Nilimkosea baba yako mbele yako. Mlango ule ulikuwa umekwaruzika zamani na nilijua. Naomba mnisamehe."

Sauti ya binti ilisikika hadi mezani: "Mwambie baba kwanza. Mimi nipo zamu."

Ikabidi aseme tena, safari hii uso kwa uso, bila simu ya kujifichia. Fundi alimpa mkono. Mama Mkwaruzo aliandika makubaliano ya mistari sita: amana irudi, yakatwe malipo ya saa mbili za kuchelewa, mkwaruzo uandikwe kwenye kitabu cha gari ili usiendelee kuajiriwa kuzuia amana za watu. Wote wakatia sahihi. Mahakama haikuhitajika, na hakimu fulani alikosa miaka minne ya burudani.

Mwezi uliofuata fundi alikodi tena gari lile lile, kumpeleka binti kwenye kituo chake kipya cha kazi. Kabla ya kuwasha injini alilipiga picha arobaini na moja, mbili kati ya hizo chini ya mazulia. Meneja alimshikia mwavuli.