Ndege Hajaonja

Nilipokuwa mtoto Habaswein, miaka ile ya tisini, wadogo wa boma letu walifundishwa matunda kabla hawajajua kusema vizuri. Mwalimu alikuwa Ayeyo, yaani nyanya yetu, mama yake mama. Aliwaketisha chini ya mkunazi akawagawia kunazi: shika, nusa, bonyeza, uma, tema kokwa. Mtoto akikunja uso kwa uchachu, Ayeyo alicheka mpaka akashika mbavu.

Ila kabla ya kuuma kulikuwa na sharti.

"Sema Bismillahi, kisha uliza kama ndege ameonja. Tunda ambalo ndege haligusi ni la majini. Ukilila, wanakufunga tumbo."

Mimi nilikuwa nimeanza shule, najiona najua. Nikamwambia anawatisha watoto bure. Akanijibu, "Niache niwatishe." Mambo yakaishia hapo.

Mchana mmoja wa kiangazi, mama akiwa ameenda kuuza maziwa, tukageuka na Hibo hayupo. Hibo ni mdogo wangu, alikuwa hajafika miaka mitatu. Tulizunguka tukimwita, hadi Ayeyo akasimama ghafla akitazama zizi la zamani, lililohamwa. Pale ilikuwa imeota mitunguja, na matunguja yake yalikuwa yameiva, manjano kama kunazi. Yana sumu. Mtoto wa jirani yetu aliwahi kuyala, akazikwa kesho yake.

Sikujua Ayeyo anaweza kukimbia. Wallahi, aliniacha nyuma.

Tulimkuta Hibo ameketi mchangani, matunguja yamepangwa mbele yake. Ayeyo alimtia kidole mdomoni, akazungusha, akatoa vumbi tu.

"Umekula?"

Hibo akatikisa kichwa. Alikuwa amenuna, njaa inamuuma. Akaonyesha juu.

"Ndege hajaja," akasema.

Alikuwa amewawekea ndege waonje kwanza, na alikuwa akiwangoja. Ayeyo akaketi palepale juani, akamkumbatia, akalia. Nami nililia, kwa kumwona yeye akilia.

Nilipokua nikajua jambo ambalo sikumwambia Ayeyo hadi anafariki. Wapo ndege wanaokula matunda yenye sumu na hayawafanyi kitu. Siku ile angeshuka hata mmoja akadonoa, Hibo angekula kwa moyo mweupe. Jambo hili bado huniamsha usiku. Sharti la Ayeyo lilikuwa na kasoro, na ndilo lililomweka dada yangu hai, kwa sababu lilimfanya akae na njaa yake kidogo hadi tukafika.

Sasa Hibo ana mtoto wake, wanaishi Garissa mjini. Juzi nilimwona akimpa kipande cha embe. Mkono wa mtoto ulipofika mdomoni, akaushika.

"Ngoja, hooyo," akasema, yaani mama, kama kina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao.

"Nangoja nini?"

Hibo akanitazama, macho yamemlowa.

"Ngoja tu," akamwambia.