Vigae Tisa vya Kona

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema msije mkahangaika kumtafuta.

Miaka ishirini natandika vigae. Mafundi wenzangu wakinunua boksi la akiba, nawacheka: "Nyie mnanunua woga."

Basi akanipigia simu mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari. Kastaafu, anatembelea fimbo, lakini sauti ni ileile ya kugandisha darasa.

Sebule yake ilikuwa mraba, vigae kumi kwa kumi. Alikuwa amesogeza nje kuta mbili zinazopakana, kila mmoja kwa upana wa vigae vitatu.

"Vipya vingapi?" akauliza.

"Upande huu thelathini, upande ule thelathini. Sitini, Mwalimu. Hakitabaki hata kimoja."

Kweli, hakikubaki.

Siku ya pili nikapachika cha sitini, nikasimama kunyoosha mgongo.

Nikaona kona.

Pale pande mbili zilipotakiwa kukutana palikuwa na saruji tupu. Tatu kwa tatu. Vigae tisa.

Nikapiga dukani. Rangi ile imekwisha, boksi la mwisho limeondoka asubuhi hiyo.

"Fundi," Mwalimu akasema toka kitini, "hiyo kona umeiacha ipumue?"

Sikucheka. Macho yalikuwa sakafuni. Kumi kwa kumi. Halafu safu sita za kumikumi, zimegawanywa nusu: tatu huku, tatu kule. Na pengo la tatu kwa tatu.

Wimbo ukanirudia. Tuliuimba darasani mpaka koo zikauma: gawa kwa mbili, zidisha kwa yenyewe, jumlisha! Hesabu hiyo waliiita kukamilisha mraba. Niliuimba, nikafaulu, nikausahau. Hakuna aliyetuambia kuwa kuna mraba wa kweli, una kona ya kweli inasubiri kujazwa.

Ilikuwa nzuri, jamani. Nzuri mpaka nikakaa chini.

Nikatoa simu, nikatafuta jina "Nusu", nikabonyeza.

Namba haipatikani.

Haipatikani tangu tumzike, miezi minane sasa. Kidole kilisahau.

Nusu alikuwa pacha wangu. Darasani mimi nilikaa nyuma, kazi yangu kuchekesha. Yeye alikaa mbele, kazi yake kuuliza.

"Mwalimu, kwa nini tunagawa kwa mbili? Kwa nini nusu?"

"Toka nje."

Akatoka. Kesho yake akarudi na swali lilelile. Darasa zima likaanza kumwita Nusu. Akienda ubaoni, Nusu. Akipanga foleni ya maji, Nusu. Tangu siku hiyo akanyamaza, hakuuliza tena kitu. Muhula haujaisha, akaacha shule. Alifua nguo za watu mpaka vidole vikapinda.

Wiki ya mwisho hospitalini alinitazama, anatabasamu kwa shida. "Kaka, ile nusu ulishajua ni ya nini?"

"Pona kwanza," nikamtania.

Hakupona.

"Mwalimu," nikasema, "njoo uone kitu."

Akaja, fimbo inagonga vigae. Nikamwonyesha: mraba wa zamani, pande mbili mpya, pengo. Akaizungushia kona ile ncha ya fimbo, mara moja, mara mbili.

"Kumbe unakamilika kweli," akanong'ona. "Miaka thelathini na tano nauandika ubaoni. Ndiyo kwanza nauona."

Hapo nilitakiwa nimhurumie. Badala yake nikalipuka.

"Pacha wangu aliuliza hilihili! Ukamtoa nje kama mbwa! Angejibiwa siku ile asingeacha shule. Wewe ndiye uliyemkatisha!"

Aliketi taratibu kwenye ndoo yangu ya gundi, akaushika mpini wa fimbo kwa mikono yote miwili.

Kabla hamjasikia alichosema, funzo lichukueni kabisa, maana baada yake sina la kuongeza. Mtu akiuliza "kwa nini" na wewe jibu huna, sema huna, usimcheke. Kicheko chako kinaisha pale pale. Yeye anaondoka nacho, anakaa nacho miaka.

Na ile kona mpaka leo ni saruji. Mwalimu amekataa isizibwe.

"Nilimtoa nje kwa sababu sikuwa na jibu," akasema. "Hilo ni langu, nitakufa nalo. Lakini nilipomtoa, kesho yake alirudi na swali lake."

Akainua macho.

"Hilo jina la Nusu, fundi, lililomnyamazisha, alipewa na nani?"