Walivyomlilia Mume Wangu Akiwa Hai

Shemeji yangu alianza kunirithi kabla mume wangu hajafa. Sisemi hivi kwa chuki, ingawa wakati ule chuki nilikuwa nayo ya kutosha. Alianza kwa kukalia kiti cha mume wangu, kile chenye mikono. Kisha akaanza kuuliza chakula kitaiva saa ngapi. Siku moja akamkaripia mtoto wangu mkubwa kwa sauti ya baba mwenye nyumba, naye alikuwa na wake wawili wa kwake mwenyewe, wote wazima, na nyumba zao zote mbili zilivuja kuliko yangu.

Mimi ni Mkuria wa upande wa Migori, karibu na mpaka. Niliolewa na Mjaluo, fundi cherehani wa Kosele, miaka michache kabla ya Uhuru, tukazungumza Kiswahili nyumbani mpaka Kijaluo changu kikakomaa. Kwetu pia mjane hurithiwa na ndugu za marehemu. Lakini kwetu hungoja mtu afe. Kwa haki, Wajaluo nao hungoja. Ni huyu mmoja tu aliyekuwa na haraka.

Mume wangu alikuwa na uvimbe shingoni. Ulianza chini ya sikio, mdogo kama punje ya hindi, na tukauchekea. Ulipofika ukubwa wa yai hatukucheka tena. Hospitali ya misheni walikata kipande wakakipeleka mbali kupimwa, na jibu liliporudi likawa kansa. Pale kijijini hakuna aliyelijua neno hilo, kwa hiyo kila mtu akalieleza. Mama mkwe alisema ni uvimbe wa kutupiwa. Shemeji alisema ni ugonjwa wa Wazungu, ameupata kwa kushona kaptura za walimu. Mganga mmoja alisema anaweza kuuhamisha uvimbe uingie ndani ya mbuzi, mradi mbuzi awe mnene na awe wa kwetu. Mbuzi alihama, uvimbe ukabaki.

Basi akapelekwa Nairobi kwenye mashine ya miale. Alipanda meli Homa Bay mpaka Kisumu, akashika gari la moshi, akafikia kwa jamaa yake aliyefanya kazi ya reli. Matibabu yalikuwa ya awamu mbili, na katikati alirudishwa nyumbani apumzike. Alirudi shingo imeungua nyeusi upande mmoja, na juu ya ule weusi amechorwa mistari ya zambarau. Daktari alikataza mistari ile isioshwe, maana ndiyo iliyoonyesha mahali pa kulenga. Ugali haukumezeka. Uji ulipita kwa shida, na alisema kila kitu kina ladha ya msumari. Fundi mzima, alichukua mkasi wake wa kazi akakata kola za mashati yake yote, kwa sababu ngozi ile haikuvumilia kitambaa.

Mama mkwe alipoiona mistari alishika kichwa.

"Wamechora mtoto yangu kama ng'ombe ya mnada!"

Akaleta kitambaa na majivu ili amsugue. Nilisimama katikati yao nikamwambia, "Mama, hiyo ndiyo dawa yenyewe."

"Dawa gani hiyo ya kalamu?" akauliza. Tangu hapo, kila alipokuja kumwona mwanawe nilikaa karibu nikichambua mboga, nikimtazama mikono.

Kabla ya kurudi Nairobi kwa awamu ya pili, mume wangu alinieleza alivyoelezwa na daktari: akikatiza katikati, uvimbe utarudi na mashine haitaufanya kitu tena. Hilo ndilo nililolishika. Mengine yote, kiti, chakula, karipio, niliyameza. Nilitaka amalize tu.

Sasa, nyumba za nyasi za Wajaluo wa siku zile zilikuwa na mti mwembamba uliochomoza kileleni mwa paa. Wao huuita osuri. Mti ukisimama, watu wanajua mwenye nyumba yu hai. Akifa unaondolewa, na mpita njia akitazama paa anajua hata kabla ya kuambiwa. Paa langu lilikuwa linavuja kidogo, pale kwenye kona ya kuku, na kuku hawakuwahi kulalamika. Lakini shemeji aliamua kwamba limeoza kileleni. Asubuhi moja, mimi nikiwa shambani napalilia mtama, alikuja na mzigo wa nyasi, akaweka ngazi, akapanda. Ili nyasi zikae vizuri akaung'oa ule mti, akauteremsha na kuuegemeza ukutani, akaendelea na kazi huku akipiga mluzi.

Ilikuwa siku ya soko Kosele. Wanawake wenye vikapu vya omena, dagaa wa ziwani, walikuwa wanapita barabarani, na mmoja wao akainua macho. Akaona paa halina mti, na mwanamume yuko juu ya nyumba ya mgonjwa. Hakuuliza. Aliweka kikapu chini, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga ukemi wa msiba. Wenzake wakaitikia, maana kwa jambo hilo hakuna mvivu kati yao.

"Nani amekufa?" shemeji akaita kutoka juu.

"Ndugu yako amekufa na wewe unauliza!"

Akaamini. Mti alikuwa ameung'oa kwa mikono yake mwenyewe, wanawake wakaamini kwa sababu ya mti, naye akaamini kwa sababu ya wanawake. Akaanza kulia kule kule juu, nyasi mkononi, akimwita ndugu yake kwa majina yake yote ya sifa. Alilia kwa sauti nzuri, siwezi kumnyima hilo, maana alikuwa mwimbaji wa kanisani.

Niliisikia sauti ile nikiwa shambani, na nikatambua inatoka kwangu. Jembe lilinianguka. Sikumbuki nilivyopita kwenye mtama. Nakumbuka tu nilikuwa nasema kwa sauti, peke yangu, "Alikuwa amebakiza kidogo. Alikuwa amebakiza kidogo tu." Nilipofika, ua ulikuwa umejaa watu na mama mkwe anagaagaa mavumbini. Nikaanguka karibu naye, tukakumbatiana, sisi ambao tangu ugonjwa uingie hatukupatana hata juu ya chumvi ya mboga. Nilimlilia mume wangu kwa moyo wote. Nilimpenda yule mtu, na sikuwa nimewahi kulisema hilo mbele ya watu mpaka siku ile, nikilisema kwa mayowe.

Kiu ndiyo iliyonizindua. Nilikwenda mtungini kunywa maji, na nikiwa na kata mkononi nikauliza lile ambalo mjane yeyote angeuliza: nani ameleta habari? Amekufa vipi? Jirani akanionyesha mama wa omena. Mama wa omena akanionyesha paa.

"Si unaona hiyo mti haiko?"

Nikamgeukia shemeji. Alikuwa ameshashuka na anapokea pole, ameketi kwenye kile kile kiti chenye mikono.

"Wewe uliambiwa na nani?"

"Hawa kina mama."

"Na mti aliutoa nani?"

Akatazama ukutani mti ulipoegemea, akanitazama, akatazama tena ukutani. Kisha akasema neno ambalo sijamsamehe mpaka leo: "Lakini pengine amekufa kweli."

Ungedhani watu wangejiinukia kwa aibu waende zao. Thubutu. Jogoo wangu alikuwa ameshachinjwa, sufuria iko motoni, na ilionekana si adabu kuwarudisha watu makwao na machozi matupu. Furaha ilikuwepo kidogo, ya dakika chache, kisha wazee wakaketi kikao. Wakasema mtu aliyeliliwa akiwa hai ameshaingia hatarini, chira itamfuata, laana ile ya mwiko uliovunjwa. Mti lazima urudishwe, na hauwezi kurudishwa bila mwenye nyumba mwenyewe kusimama pale chini. Kwa hiyo aitwe. Shemeji ashike meli ya kesho, amtoe hospitali, amlete.

"Hajamaliza matibabu," nikasema.

"Atamaliza baadaye," akajibu mzee mmoja, paja la jogoo wangu mkononi. "Hiyo mashine itaenda wapi?"

Nilieleza kwa Kijaluo. Nilieleza kwa Kiswahili. Mwishowe nilieleza kwa Kikuria, ambacho hakuna aliyekijua, kwa sababu hasira ilikuwa imenipanda. Mama mkwe akafuta macho, akaniuliza, "Nyar Kuria, unataka afie huko mbali, sisi tuzike nini?" Nyar Kuria, binti wa Wakuria, ndivyo walivyoniita siku zote na sikuwahi kuliona baya. Siku ile lilitoka kama tusi. Niliwatazama wote nikaona jambo la kutisha: watu hawa wanampenda, na kwa kumpenda huko watamuua.

Ngazi ilikuwa bado pale pale. Nilijifunga leso kiunoni, nikachukua ule mti, nikapanda. Mwanamke hapandi juu ya nyumba ya mumewe. Hata mtoto wa kuchunga ndama analijua hilo, na mimi pia nililijua.

"Shuka! Yawa, shuka! Unaua bwana yako!" mama mkwe akapiga kelele.

Shemeji aliishika ngazi ili aitikise, kisha akakumbuka kwamba nikianguka nitamwangukia yeye. Nilifika kileleni. Nikauchomeka mti ndani ya nyasi zake mpya, alizozipanga vibaya sana, nikaukaza kwa kamba ya katani. Kisha nikageuka nikawaambia, "Mwenye nyumba yuko hai. Mwenye neno apande tuongee hapa." Hakupanda mtu. Nilikaa huko juu jua likinichoma mpaka walipomaliza kula na kuondoka, na hawakuharakisha. Lakini safari ya Nairobi ilifia hapo. Mti ulikuwa umesimama, na hakukuwa na mwanamume pale aliyetaka kugusa kitu kilichokwisha kushikwa na mwanamke wa namna ile. Jumapili mhubiri alitufundisha kwa kirefu juu ya wanawake wanaopanda, bila kutaja wanapanda nini.

Alimaliza matibabu. Alirudi amekonda mpaka suruali anaifunga kwa kamba, ila uvimbe ulikuwa umenywea, mahali pake pamebaki ngozi ngumu yenye mikunjo. Mama yake alimsimulia habari yote hata kabla hajapewa maji, akingoja amwone akikasirika. Alicheka. Sauti ilikuwa imebaki ya kukwaruza tu, lakini alicheka mpaka akashika ubavu.

Watu walipoondoka nilikaa kumpaka mafuta shingoni, na hapo nikafungua mdomo. Nikamwambia ndugu yake ni fisi. Nikamweleza juu ya kiti, juu ya chakula, juu ya mtoto, juu ya paa. Sikusaza kitu.

"Usimlaumu," akasema. "Mimi ndiye nilimtuma."

"Ulimtuma nini?"

"Nilipokuja kupumzika. Nilimwambia hii awamu ya pili naenda tu, lakini sirudi. Nikamwambia akuchukue wewe na watoto, na aanze mapema ili mzoeane. Alikataa. Alilia sana. Nikamlazimisha."

Mkono wangu ulisimama shingoni mwake. Nilikuwa nimepigana na ukoo mzima kwa ajili ya mtu aliyekuwa ameshajizika mwenyewe, na mimi amenigawa pamoja na cherehani.

"Na mimi uliniuliza?"

"Ungekataa."

"Ningekataa," nikasema.

Nilimaliza kumpaka mafuta, maana ngozi ilikuwa inapasuka na kosa halikuwa la ngozi. Kisha nikahamishia mkeka wangu kwa watoto, nikalala huko mpaka mtama ulipovunwa. Alikuwa hai, na kwa mara ya kwanza tangu uvimbe uanze niliweza kumkasirikia bila kuogopa.