Mbwa Niliyemuokoa Alikuwa na Kwao

Admin, jina langu lisionekane tafadhali, mji wetu ni mdogo. Mimi ni mama wa miaka 32, fundi cherehani, naishi Kihesa, Iringa. Pamoja na wenzangu tunajitolea kuokota mbwa na paka waliotupwa, tunawatibu na kuwatafutia watu wa kuwalea. Mtaani wananiita Mama Mbwa. Zamani nilikasirika, siku hizi naitika.

Kuna mbwa jike mwekundu alikuwa anashinda kwenye mashine ya kusaga, mbavu nje, mguu una kidonda. Nikampiga picha, nikaandika ametelekezwa na watu wasio na utu. Sifa zikamiminika, nami nikavimba kichwa. Sikuuliza hata nyumba moja. Huku kwetu nani asiyejua kwamba mbwa huzurura mchana, jioni akarudi kwao? Nilijua, ila sifa zilinipofusha. Kidonda kilipopona tukampeleka kijijini Idodi, kwa baba mmoja aliyekuwa anasumbuliwa na nyani shambani.

Baadaye, kwenye sala ya jumuiya, ile tunayosali kwa zamu nyumba kwa nyumba, mjane mmoja wa mtaa wetu akaleta ombi. "Ndugu zangu mniombee, Bobi wangu haonekani. Ndiye niliyebaki naye pale nyumbani." Akaeleza rangi yake, akaeleza na kile kidonda cha mguuni. Nikajua ni yule yule tuliyempeleka Idodi. Wote tukaitikia, "Ee Bwana, utusikie," na sauti yangu ilikuwemo.

Ningesema siku ile yangeisha. Nikanyamaza, naye akajipatia jibu mwenyewe: jirani yake, ambaye Bobi aliwahi kumlia vifaranga. "Huyo huyo ndiye kampa sumu! Hamwoni anavyokwepa macho?" Yule baba aliapa mpaka akalia. Zamu ya kusali kwake ilipofika watu hawakwenda, mkewe akabaki na chai yake kwenye chupa. Na mimi sikwenda jamani, mimi ninayejua ukweli!

Nikampigia yule wa Idodi. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Dada, Mungu akubariki. Nyani hawasogei tena, na mwanangu mdogo halali mpaka ahakikishe mbwa amekula." Nikamwambia nilipiga kusalimia tu.

Jumamosi hii zamu ya jumuiya ni kwangu. Jana yule mjane alipita fremuni ninakoshonea. "Kamwene, mwanangu. Nitawahi kuja nikusaidie kufagia. Wewe unayependa mbwa ndiye unayeelewa uchungu wangu." Nilijifanya natunga uzi kwenye sindano, maana kumtazama nilishindwa.

Naona aibu hata kuandika. Nikikiri, wenzangu wataitwa wezi wa mbwa, na wao hawana kosa. Na Bobi je, nikamtoe kwa yule mtoto? Lakini yule baba anayeitwa muuaji bado anatusalimia njiani, na sisi tunapita kama hatujasikia. Nitukaneni, nastahili, ila mniambie na la kufanya: nisimame niseme mbele ya wote Jumamosi, au nimfuate mama wa watu kwake kabla hajaja kunifagilia uwanja?