Meno Sitini na Nne

Baba hakuamini kuhesabu kwa macho. Akipata gia mahali, iwe kwenye spea za mtumba pale Mwanjelwa, Mbeya, au nyuma ya gereji fulani Iringa mjini, aliifuta kwa tambara, akailaza juu ya gunia, kisha akaniambia nitoe maharage. Katika kila pengo kati ya jino na jino niliweka harage moja. Nikimaliza mzunguko tunayakusanya na kuyahesabu mara mbili, mimi kwanza, yeye baadaye. Wauza spea walitucheka sana. Mmoja aliwahi kumuuliza kama tunanunua gia au tunapika. Baba alimjibu kwamba kichwa cha mtu hupotea njia kikifika jino la arobaini, maharage hayapotei.

Alikuwa dereva wa lori la mbao, akitoa mzigo Mafinga. Gari lake mwenyewe lilikuwa dogo, la Kijapani, lenye rangi ya maziwa yaliyokaa sana. Alilinunua likiwa limekufa injini, akaliwekea injini kubwa kuliko ile ya kuzaliwa nayo na giaboksi ya mkono aliyoitoa kwenye gari jingine. Kwenye tambarare lilikimbia mpaka mama akakataa kulipanda. Mlimani lilizubaa. Baba akasema injini haina kosa, kosa liko mwisho wa giaboksi, kwenye zile gia mbili zinazopeleka nguvu magurudumuni. Ndogo inaitwa pinio, kubwa inaitwa krauni, na ndogo ndiyo inayoizungusha kubwa. Ukipunguza meno ya pinio, gari linapoteza mbio linapata nguvu. Giaboksi ile ilitoka kiwandani na meno kumi na nane kwa sitini na saba. Baba alitaka kumi na tatu kwa sitini na nne. Hakutaka nyingine, na ukimletea nyingine anakushukuru halafu anakurudishia.

Kuzitafuta kulituchukua karibu miaka mitatu ya Jumamosi na likizo zangu za shule. Tulitoka nyumbani Kalenga alfajiri kwa gari hilohilo, mimi nikiwa nimevaa sweta mbili. Makambako tulikunywa chai na chapati, na baba aliimwaga chai yake kwenye kisosi ili ipoe haraka. Mbeya tulifika jua likiwa limeanza kuwa na maana. Tuliingia banda hadi banda, tukiinama juu ya marundo ya vyuma vyenye mafuta, na baba alinitambulisha kwa kila mtu kwa neno moja tu, "mhasibu wangu." Nilikuwa na miaka kumi. Nimesoma, nimeolewa, nimezaa, lakini nikiulizwa lini nilikuwa na furaha kamili, jibu langu lina harufu ya grisi.

Tukazipata, baba akazifunga kwenye gari. Mwaka uliofuata tukapata na jozi ya pili, ambayo baba aliiweka akiba ndani ya khanga kuukuu ya mama. Alinionyesha namna meno yake yalivyong'aa upande mmoja.

"Hizi zimefanya kazi pamoja, zimezoeana," alisema. "Ukizitenganisha, umebaki na vyuma chakavu viwili."

Baba amefariki sasa yapata miaka tisa. Siku ya kumaliza matanga ndugu walikaa kugawa vitu. Tulikuwa watoto wawili wa mama wawili. Mama wa kaka yangu alifariki kaka akiwa mdogo, ndipo baba akamwoa mama yangu. Kaka amenizidi miaka kumi na mitatu, na wakati huo alikuwa ameshahamia Rujewa kwenye mpunga. Yeye alipewa shamba. Mimi nikapewa gari, kwa kuwa baba alikwisha kulisemea kabla ya kufa. Mjomba mmoja akacheka akasema mtoto wa kike na gari la kuchokoachokoa gia wapi na wapi. Nilimtazama kaka nikitegemea atanitetea. Alikuwa anatazama miguu yake.

Kisha baba mdogo akaifungua ile khanga. Aliona vyuma viwili, akatuona watoto wawili, na kwake hesabu ilikuwa imekwisha. Kikubwa akampa mkubwa, kidogo akanipa mimi, "ili kesho na keshokutwa msije mkagombana." Wazee wakaitikia kwamba hiyo ndiyo haki.

Kati ya watu wote waliokuwa pale, nilidhani ni mimi peke yangu niliyejua kilichofanyika. Ningeweza kusema neno moja. Nilitulia kama maji mtungini. Sitajipamba hapa: nilinyamaza kwa makusudi, kwa sababu kaka hakunitetea. Niliona heri na yeye aondoke na chuma chakavu, sote tukose. Watu wana jina la hali hiyo, roho ya korosho, na siku ile nilikuwa nayo kamili. Baada ya hapo tukawa ndugu wa misibani. Tukikutana tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, basi.

Mwaka huu, nikipandisha kutoka Ipogolo kwenda mjini, gari likatoa mlio wa kutafuna mawe. Fundi wangu alipofungua giaboksi aliniita nitazame. Krauni ilikuwa imeng'oka meno mawili, na vipande vyake vimeikwangua pinio. Nikamuuliza kama anaweza kuchomelea.

"La kuvunda halina ubani, mama," akasema.

Nikaanza kutafuta. Iringa nilimaliza maduka yote kwa siku moja na nusu. Mbeya nilienda mara mbili, nikiwa na mfuko wa maharage kwenye pochi, na vijana wa spea wakacheka vilevile kama baba zao. Tofauti ni kwamba siku hizi kila giaboksi unayoonyeshwa ni ya otomatiki. Ukisema gia za mkono unatazamwa kama unayeulizia redio ya mbao. Nilitumiwa picha za simu na watu nisiowajua. Krauni moja ilikuwa na meno sitini na nne kweli, nikaifuata mbio, nikakuta matundu yake ya boliti hayalingani na yetu. Nilikaa kwenye benchi la muuzaji nikataka kulia, mtu mzima mimi, kwa sababu ya matundu.

Fundi akanishauri niweke zile za kawaida, niendeshe kama watu wengine. Nilimjibu vibaya. Kwangu lile halikuwa suala la kupanda mlima tu. Kuendesha gari lile na gia za kawaida ni kusema kwamba zile Jumamosi hazikuwa na maana, na kitu kingine cha baba sikuwa nacho. Nikamwambia kwamba hata pinio ya meno kumi na tatu ninayo nyumbani, nzima.

"Na krauni yake iko wapi?"

"Kwa kaka yangu, Rujewa."

Aliweka spana chini. "Sasa Mbeya tulikuwa tunatafuta nini?"

Barabara ya Mbeya inapita pale pa kuchepukia kwenda Rujewa, na kila safari nilipofika hapo nilikuwa nimegeukia dirisha la upande wa pili. Fundi akaniambia ukitaka cha uvunguni sharti uiname, halafu akarudi kwenye kazi yake.

Nilimkuta kaka kwenye kinu chake cha kukoboa, pumba za mpunga zimejaa kwenye nyusi. Amezeeka. Nilimwamkia, akaniitikia kwa kilugha chetu, "Kamwene, mdogo wangu," kama vile tulionana jana, akamwacha kijana wake aendelee kukoboa. Shemeji aliniletea wali na maziwa mgando ya jirani zao wafugaji, na kaka hakuniuliza kilichonileta mpaka nilipokwisha kunawa. Nikamweleza gari limevunjika nini.

Aliingia chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye kitenge kisafi. Alikifungua taratibu juu ya magoti yake. Krauni ilikuwa inang'aa kwa grisi mpya.

"Kila mwaka naipaka," alisema. "Ya gari la baba ninayo hii tu. Nilitaka siku zote kuuliza, inafanya kazi gani hasa?"

Nikagundua kwamba hakuwahi kujua. Miaka yote iliyofuata nilidhani alishakuja kujua alichopewa na ananichukia kwa hicho. Nilimweleza ya kubwa na ndogo, na kwamba moja bila mwenzake haifanyi kitu. Alisikiliza kwa makini, kidole kikipita juu ya meno.

"Kumbe ni nusu," akasema.

"Ni nusu, kaka."

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua. Nilinyamaza kwa hasira."

Aliitikia kwa kichwa, kinu kikiunguruma nyuma yetu. Nilisubiri anitukane, na ningeona ni haki yangu. Badala yake aliniuliza tulizipata wapi. Basi nikamsimulia. Nikamsimulia Mwanjelwa, marundo ya vyuma, maharage, chai ya kwenye kisosi, baba akiniita mhasibu. Nilinogewa mpaka nikaanza kuigiza sauti za wauza spea. Alitabasamu mahali pote palipostahili.

"Hizo Jumamosi mimi nilikuwa namwagilia nyanya," alisema nilipomaliza. "Nawafungulia geti alfajiri, nawafungulia tena jioni. Mnashuka mnacheka jambo ambalo silijui. Sikuwahi kupanda lile gari, mdogo wangu. Hata mpaka mjini."

Nilitaka kubisha. Nikapita safari zote kichwani, moja baada ya nyingine, nikimtafuta kwenye kiti cha nyuma. Hakuwepo. Alikuwepo getini tu, ameshika mti wa geti kwa mkono mmoja na ndoo kwa mwingine, akingoja tupite ili afunge. Nilimwona mamia ya mara na sikuwahi kumtazama. Na kule matangani, nilipotaka anitetee juu ya gari, nilikuwa nataka anitetee juu ya lile ambalo yeye hakuwahi kulipanda.

Aliifunga krauni ndani ya kitenge chake, akanipa.

"Chukua, ikafanye kazi. Ila ile iliyovunjika usiitupe. Niletee hiyo, hata kama imepungua meno."

Nililia pale pale mbele ya shemeji, wala sikuficha. Nilipoweza kusema, nikamwambia siichukui mpaka aje nayo mwenyewe. Alisema kuna mpunga wa watu kinuni. Nikamwambia utakobolewa na kijana wake. Ubishi huo niliurithi kwa baba, na kaka analijua hilo, kwa hiyo kesho yake alipanda basi na mimi kwa njia ya Madibira, kitenge mapajani, akinionyesha majaruba ya mpunga ya kila rafiki yake mpaka tukatoka bondeni.

Fundi alizifunga kwa siku mbili. Kaka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimpa spana kabla hajaombwa. Pinio yangu na krauni yake zilipokutana, fundi alizizungusha kwa mkono, akasikiliza, akasema zinakumbukana. Kaka akaomba azizungushe na yeye. Alizungusha muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na fundi, ambaye kwa kawaida hana subira, alimwacha.

Tulilipeleka gari kulijaribu Kalenga, kwenye kiwanja cha wazi kilicho nyuma ya mashamba. Niliendesha mpaka pale, kaka pembeni yangu, ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili. Lilipanda kile kilima cha mwisho kama zamani. Nikazima injini, nikachomoa ufunguo, nikampa.

"Zamu yako, kaka."

Aliutazama ufunguo mkononi mwake.

"Sijui kuendesha."

Nikacheka. Mtu mwenye kinu, anayefungua injini ya dizeli na kuifunga peke yake, nilijua ananitania.

"Nani angenifundisha?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kama nilikuwa na mtu akilini.

Nilishuka, nikazunguka, nikamfungulia mlango ahamie upande wa usukani. Nilimwonyesha klachi, nikamwambia aiachie polepole. Injini ilizima mara sita kabla gari halijasogea, na kila ilipozima aliniomba samahani.