Wodi Iliyopendeza

Mkunga wa zahanati ile walimwita Mama Pokea, kwa kuwa nusu ya mkoa ilipita mikononi mwake ikilia. Ulikuwa mkoa wa kulisha wengine: mahindi yake yalikwenda mji mkuu kwa malori, na kilichorudi kutoka huko kilikuwa vumbi la malori hayohayo. Wodi ya wazazi haikuwa na kitanda hata cha dawa. Wanawake walijifungulia kwenye mkeka, naye Mama akipiga magoti pembeni mpaka magoti yakaota sugu.

Basi ikaja habari kwamba bwana mkubwa wa wizara anazunguka mikoani kutafuta pa kujenga wodi mpya. Moja tu, kwa wenye shida kuliko wote. Mama Pokea alifurahi hadi akasahau kula. Wodi hiyo aliitaka kuliko alivyoitaka pensheni yake.

Ungedhani angemwonyesha mgeni ule mkeka. Thubutu! Watu wa kule wako radhi kulala njaa mwaka mzima, mradi mgeni asikute chungu kitupu. Mama mwenyewe, ambaye kila siku aliwahubiria wazazi kwamba mficha uchi hazai, alipita nyumba kwa nyumba akiazima. Kwa mwenye duka akapata kitanda na godoro, kwa mwalimu mkuu mapazia, kwa wifi yake mashuka ya harusi. Kuta zikapakwa chokaa. Mkeka, kwa kuwa ulikuwa unatia aibu, ukachomwa moto.

Bwana mkubwa alifika, akazungusha macho, akabonyeza godoro kwa kidole.

"Hongera sana, mama! Nyie mnajiweza. Kule pembeni ya mji mkuu hali ni mbaya, wazazi wanalala wawili wawili kitanda kimoja. Nadhani wodi itabidi iende kule."

Moyo wa Mama ulimlipuka paa. Wawili kitanda kimoja! Kumbe kitanda kipo! Lakini nyuma yake walisimama mwenye duka, mwalimu mkuu na wifi, kila mmoja akikitazama kitu chake kwa fahari, na haya zikamfunga mdomo. Zilimfungua mdomo pale tu mgeni alipokwisha kuingia garini. Hapo Mama akatimua mbio, akang'ang'ania dirisha.

"Mheshimiwa, nimekudanganya! Vyote vya kuazima vile. Hapa tunazalia chini!"

Bwana mkubwa akacheka kwa upole. "Ndicho ninachowapendea watu wa huku, mama. Unyenyekevu!" Akapandisha kioo.

Gari halijapotea machoni, mwenye duka alikwisha kujitwisha godoro lake. Jioni ile mwanamke mwenye uchungu akaletwa kwa baiskeli, akakuta chumba cheupe pepepe, kitupu. Mama Pokea akafungua khanga yake kiunoni, akaitandika sakafuni, akamlaza.

"Sukuma, mwanangu," alimwambia. "Sukuma, leo tumesifiwa."